Bunduki za marisau zenye mtutu mwembamba (geji 20, 28 na .410): risasi ipi kwa kazi ipi?

#1 Mzee wa Kwale (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa kwenye duka la silaha nasubiri karatasi zangu zigongwe muhuri, akaingia kijana mmoja, leseni mkononi. Ameachiwa na babu yake .410, hii tunayoiita nne-kumi, mtutu mmoja, ya kukunja. Akaomba "namba sita, boksi moja, za kanga". Muuzaji akageuka, akashusha boksi, akaandika kwenye kitabu, kijana akalipa. Hakuna aliyemuuliza chemba ya bunduki yake (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) ina urefu gani, wala huwa anapiga kutoka umbali gani. Nikamfuata nje. Tulisimama chini ya mwarobaini karibu saa nzima. Nilipofika nyumbani nikaona tuliyozungumza niyalete hapa, maana kila baada ya muda anaingia mtu jukwaani anauliza "risasi nzuri ya geji 20 ni ipi" na anajibiwa kwa jina la kampuni.

Jina la kampuni ni jambo la mwisho. La kwanza ni hesabu ya punje, yaani yale marisau madogo yaliyojazwa ndani ya kila risasi.

Geji ni kipimo cha enzi za ratili. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe mipira 12 iliyolingana: mpira mmoja ndio unaoenea kwenye mtutu wa geji 12. Ukiigawa mipira 20, kila mmoja unakuwa mdogo zaidi, hiyo ndiyo geji 20. Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unapungua. Kwa milimita, 12 ni 18.5, 20 ni 15.6, 28 ni 14. Nne-kumi haimo kwenye hesabu hiyo, yenyewe inatajwa kwa kipenyo cha inchi, yaani milimita 10.4.

Watu wengi wanaamini bunduki ndogo marisau yake ni dhaifu. Si kweli. Punje ya namba 6 (namba ni saizi ya punje, ikipanda punje inapungua) iliyotoka kwenye nne-kumi na ile iliyotoka kwenye 12 zinakwenda kwa kasi inayokaribiana, na kila moja ikimfikia kanga inaingia vilevile. Tofauti ni wingi. Ganda la kawaida la 12 limebeba gramu 32 za marisau. La 20 linabeba 24 hadi 28. La 28 linabeba 21. La nne-kumi fupi linabeba 14 tu, na lile refu 19 na kidogo.

Sasa hesabu na mimi. Wawindaji wa Uingereza wana kipimo chao cha siku nyingi: chora duara la sentimita 76. Ndege mwenye mwili wa kama kuku anahitaji punje zipatazo 120 ndani ya duara hilo ili yeye mwenyewe, popote alipo humo ndani, apate nne au tano za kumwua papo hapo. Gramu 14 za namba 6 ya Kimarekani ni punje 112. Yaani hata zote zingeingia kwenye duara bila moja kupotea, bado hazitoshi. Na hazitaingia zote. Kwenye mita 36, mtutu wenye choki kali kabisa (ule mbano wa mdomoni) huingiza asilimia 70 hivi. Zinabaki 78.

Punje 78 kwa kanga wa mita 36 maana yake anapigwa mbili, moja bawani, moja pajani. Anaruka au anakimbilia kwenye vichaka vya miiba, humpati. Mimi nimemkuta wa hivyo siku ya tatu, bado anapumua, funza wameshaingia pajani. Tangu siku hiyo sijapiga ndege kwa kubahatisha, na sitaki mtu yeyote humu apige hivyo.

Kwa hiyo ukiwa na bunduki ndogo una njia mbili za kurudisha zile punje ulizokosa: sogea karibu, au shuka kwenye punje ndogo zaidi ili ziwe nyingi. Mara nyingi unafanya vyote viwili. Mimi kwa nne-kumi sivuki mita 22 kwa kanga. Kwa kwale na njiwa vivyo hivyo. Geji 28 naifikisha mita 30. Geji 20 yenye gramu 28 inafanya kazi hadi mita 35 bila wasiwasi, ndiyo maana nasema mtu mwenye 20 asimwonee wivu mwenye 12.

Karibuni tuchangie. Mwenye swali aulize, ninachokijua nitajibu.

---

#2 Mkulima wa Mpunga

Shikamoo mzee wangu. Umesema "namba 6 ya Kimarekani". Kwani zipo ngapi?

---

#3 Mzee wa Kwale

Marahaba. Swali zuri, na limewaumiza wengi.

Zipo nyingi. Namba 6 ya Marekani ni punje ya milimita 2.8, wakia moja (gramu 28) ina 225. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, wakia moja ina 270. Waitaliano nao wana mpangilio wao. Namba 5 ya Mwingereza ndiyo karibu sawa na namba 6 ya Mmarekani. Sasa madukani kwetu maboksi yanatoka kila upande wa dunia, yamepangwa rafu moja, yote yameandikwa 6.

Usisome namba. Geuza boksi, tafuta milimita. Karibu kila boksi lina kipenyo cha punje mahali fulani, hata kwa maandishi madogo ya pembeni. Mimi nimeandika kwenye kifuniko cha sanduku langu: 2.2 hadi 2.4 kwa njiwa na kwale, 2.4 hadi 2.6 kwa kanga akiwa karibu, 2.8 hadi 3.0 kwa kanga na sungura nikiwa na geji 20. Basi.

Kitu cha pili cha kusoma kwenye boksi ni urefu wa ganda kwa milimita: 65, 70 au 76. Huo ni urefu baada ya kupigwa, likishafunguka mdomo. Hapo ndipo penye mtego. Ganda la 76 ambalo halijapigwa limekunjwa mdomo, linaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 65. Unafunga bunduki, inafunga. Ukipiga, mdomo unafunguka ndani ya sehemu ambayo mtutu umeshaanza kubana, hauna pa kwenda, na mgandamizo unapanda kupita kile bunduki ilichojengewa. Bunduki za zamani za Kiingereza, hasa za mitutu miwili, nyingi zina chemba ya inchi 2½, ambayo ndiyo 65. Nne-kumi za zamani nyingine ni inchi 2 tu. Urefu huo umepigwa mhuri chini ya mtutu, karibu na chemba, pamoja na alama za nyumba ya majaribio (inayopima kama mtutu unastahimili mgandamizo) kama ile ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza 1813. Ukikunja bunduki, geuza mitutu juu chini, futa mafuta, soma. Kama kutu imekula mhuri, mpelekee fundi bunduki apime. Usipime kwa kujaribu.

Ndiyo sababu yule kijana nilimwambia: usipige hata moja kabla hujasoma chini ya mtutu.

---

#4 Mama Kuku

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naona akina mama hatuandiki sana kwenye jukwaa hili, leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu nne-kumi ndiyo bunduki yangu, iko kwa leseni yangu mwenyewe, mwaka wa sita sasa.

Nina mabanda manne ya kuku wa mayai. Shida yangu si kanga. Shida yangu ni swila anayeingia bandani kufuata mayai na vifaranga, na ni mbweha wa alfajiri. Kwa nyoka natumia ganda fupi, gramu 14, punje ndogo kabisa za milimita 2 (boksi limeandikwa 9). Kwa hatua tano au sita inamaliza. Ni mawingu ya vipunje, huhitaji kulenga kichwa kama mtu wa bunduki ya risasi moja, na swila wa kutema huwezi kumsogelea na fimbo, mate yake yanafika machoni. Zaidi ya hatua kumi simpigi, namwacha aende nimfuate kesho.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba haina teke. Nilianza na 12 ya marehemu mume wangu, bega lilikuwa linabaki jeusi wiki nzima, na kwa kuogopa lile teke nilikuwa nafumba macho kabla sijavuta. Mtu anayefumba macho hapigi kitu. Na nne-kumi nafungua macho yote mawili.

Ninaomba mzee unisaidie jambo moja. Banda langu la pili liko upande wa njia ya wanafunzi, mita 150 hivi. Punje za namba 9 zinafika?

---

#5 Mzee wa Kwale

Mama, hongera, na asante kwa kuuliza kabla.

Kuna kanuni ya afisa mmoja wa Kifaransa wa zamani, Journée, inayotumika hadi leo. Kwa vipimo vyetu inakuja hivi: chukua kipenyo cha punje kwa milimita, zidisha mara 80, unapata mita ambazo punje inaweza kuruka mbali kabisa ukiinua mtutu juu kwa mshazari. Punje yako ya milimita 2 inafika mita 160. Kwa hiyo ndiyo, kwa nadharia inafika njiani. Ikifika huko imeshakufa nguvu, haimwui mtu, lakini jicho la mtoto halihitaji nguvu nyingi.

Lakini wewe unapiga nyoka aliye chini, mtutu unaangalia ardhi. Ukikaa upande wa njia na kupiga kuelekea bandani na udongoni, hakuna kinachokwenda kwa wanafunzi. Tatizo ni mbweha, maana yule unapiga mtutu ukiwa sambamba na ardhi na labda umetumia punje kubwa zaidi. Punje ya 2.8 inafika mita 220 kwa kanuni ile ile. Kwa mbweha piga ukiwa na kichuguu, tuta au mteremko nyuma yake. Kama hakuna, acha aende.

---

#6 Mkulima wa Mpunga

Mzee nirudi tena. Mimi nina geji 20, mitutu miwili. Kwetu ni nguruwe pori. Wanaingia usiku kwenye mahindi, kundi likikaa saa moja linaacha shamba kama trekta limepita. Jirani kaniambia ninunue SSG. Mwingine kasema hata nne-kumi yenye gololi kubwa inamwangusha nguruwe.

---

#7 Mzee wa Kwale

Nianze na huyo wa nne-kumi. Ganda la gololi la nne-kumi refu lina gololi tano, fupi lina tatu. Nguruwe pori dume anafika kilo 80 na ngozi ya bega lake ni ngumu. Gololi tatu! Ni kumjeruhi na kumtuma kwa jirani akiwa na hasira. Hata ile slagi yake, risasi moja nzito ya kujaza mtutu, kwenye nne-kumi ina gramu 6 au 7. Usimsikilize.

SSG ni gololi za milimita 6.8, kumi na tano kwa wakia. Geji 20 inabeba hizo kumi na tano au pungufu kidogo. Kwa mita 15 zote zinaingia kwenye ubavu mmoja na ni pigo baya kweli. Kwa mita 30 zimeshatawanyika, zinampata tatu au nne, nyingine ziko kwenye mahindi, na usiku huoni zilikoishia. Kwa kanuni ya Journée hizo gololi zinaweza kufika zaidi ya mita 500.

Mimi kwa nguruwe na geji 20 natumia slagi. Ya 20 ina gramu 18 hadi 21, ni kipande kimoja cha risasi na kinakwenda mahali pamoja. Ila lazima uijaribu kwanza kwenye karatasi, maana bunduki ya mitutu miwili mara nyingi mtutu mmoja unapiga kulia kidogo na mwingine kushoto, hata kama marisau hayakuonyeshi hilo. Tumia mtutu wenye choki ndogo, kwa nyingi ni ule wa kulia. Ukishajua inapiga wapi kwenye mita 30, usivuke 40.

Na piga kutoka dunguni. Wazee walijenga dungu kwa kulinda shamba, lakini lina faida nyingine: ukiwa juu, mtutu unaangalia chini, slagi inaishia udongoni nyuma ya nguruwe. Mtu aliyesimama ardhini usiku anapiga kuelekea kitongoji cha pili bila kujua.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya. Leseni ya bunduki si kibali cha kuua mnyamapori, hata akiwa shambani kwako. Mweleze uharibifu, mpeleke aone. Wengine hutuma askari wao wenyewe.

---

#8 Mlinzi wa Zamani

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nataka niongeze jambo ambalo mzee hajalitaja, kwa sababu lilinikuta mimi.

Nilikuwa na miaka 27. Mjomba alikuwa na bunduki mbili, 12 na 20, na mfuko mmoja wa turubai wa risasi. Siku hiyo tulitoka na 12 peke yake, kwa kanga, kibali kiko mfukoni. Asubuhi ya baridi, vidole vimekufa ganzi. Nilitia mkono mfukoni, nikatoa risasi, nikatia chemba, nikafunga bila kuangalia. Kanga wakaruka. Nikavuta. Kah. Hakuna mlio.

Nikafungua bunduki. Chemba tupu. Nikajisemea, kumbe sikuweka, kwa haraka tu. Nikatoa nyingine, hii ya 12 kweli, nikaiingiza, inaingia vizuri kabisa. Nilikuwa naanza kufunga, mjomba akanishika mkono. Hakusema kitu. Akaitoa ile risasi, akainua mitutu kuelekea jua, akaniambia, "Chungulia."

Mtutu wa kushoto niliona mwanga, duara safi. Wa kulia giza.

Ganda la geji 20 lilikuwa limepita chemba ya 12, likateleza mbele, likakwama kitako chake pale mtutu unapoanza kubana. Zima, na baruti yake na marisau yake yote. Ningepiga ile ya 12 nyuma yake, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika palepale. Mjomba alikata kijiti cha mkole, akalisukuma taratibu kutoka mdomoni, likaangukia kwenye nyasi. Ganda la njano. Nalikumbuka hadi rangi.

Njano ile si ya bahati. Watengenezaji wa Marekani na wengine wengi huyapa maganda ya 20 rangi ya njano kwa sababu ya ajali hiyo hiyo. Lakini si wote, na maganda ya zamani yana rangi zote, kwa hiyo usiitegemee rangi peke yake. Geji 28 nayo inaweza kukwama hivyo hivyo ndani ya 20.

Mwenye bunduki mbili awe na mifuko miwili. Na ukivuta ikagoma, shikilia mtutu upande salama nusu dakika, kisha fungua, kisha chungulia. Na ukisikia mlio hafifu, "puf" badala ya "pa", chungulia pia, huenda kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau kimebaki ndani.

---

#9 Mama Kuku

Nimesisimka mwili mzima. Asante sana kaka. Nimeamka sasa hivi kwenda kuangalia lile kabati. Risasi za 12 za marehemu zilikuwa bado zimekaa pamoja na zangu. Najua 12 haiingii kwenye nne-kumi, lakini kesho nazipeleka polisi, bunduki yake ilishasalimishwa zamani.

---

#10 Kaskazini ya Mbali

Salamu kutoka Denmark. Mimi ni Mtanzania, niko huku mwaka wa kumi na moja, nilifanya kozi yao ya uwindaji na mtihani wa shabaha. Natumia geji 20.

Huku hatutumii kabisa marisau ya madini ya risasi. Yamepigwa marufuku kwa uwindaji wote tangu 1996, na kuanzia Aprili 2024 hata risasi za raifo haziruhusiwi kuwa za madini hayo. Sababu ni ndege wa majini. Bata hana meno, humeza kokoto ndogo zikae kwenye firigisi zimsagie chakula. Chini ya bwawa linalowindwa kuna punje nyingi zilizochanganyika na kokoto. Anazimeza, zinasagika, sumu inaingia kwenye damu. Tai anayemla yule bata naye anaipata.

Nalisema hapa kwa sababu linatuhusu na sisi. Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwenye mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ule wa The Hague wa 1995 ulioanza kutumika 1999, na mkataba huo unataka marisau ya risasi yaondoke kwenye maeneo oevu. Bata anayetoka huku kwetu Oktoba huenda ndiye anayetua bwawani kwenu Desemba.

Kwa bunduki ndogo ni mtihani. Chuma ni chepesi, gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3 ya madini ya risasi, kwa hiyo inabidi upande punje kubwa zaidi kwa namba mbili ili ipenye sawa. Punje kubwa na ganda dogo, zinaenea chache sana. Kwenye geji 20 ya ganda la 76 inawezekana, natumia milimita 3.3 kwa bata wa mita 25 hadi 30. Kwenye nne-kumi chuma sikishauri hata kidogo. Madini ya bismathi ni 9.6, inakaribiana na risasi na ni laini, ndiyo naiweka kwenye bunduki ya zamani, kwa sababu chuma kigumu kikipita kwenye choki kali ya bunduki ya miaka hiyo kinaweza kuuvimbisha mtutu. Madini ya tangsteni ni mazito kuliko risasi yenyewe, inafika 18. Wawindaji wa bata mzinga Marekani wanaitumia kwenye nne-kumi kwa punje za milimita 2 na inafanya kazi, lakini bei yake kwa ganda moja ningenunua chakula cha jioni.

---

#11 Mzee wa Kwale

Kijana wangu wa Denmark, umenifundisha. Habari ya firigisi nilikuwa naisikia juu juu. Mabwawa ya kwetu nimepiga bata miaka mingi kwa namba 4 ya risasi bila kufikiri punje zinazoanguka zinaenda wapi. Nitauliza kama kuna duka linaloweza kuagiza bismathi ya geji 20. Ikikosekana, bata nitawaacha, nibaki na kwale wa nchi kavu.

Nimalizie la jaribio, maana nimelitaja bila kueleza. Chukua karatasi ya kaki, gundisha vipande hadi upate mita moja na robo kila upande. Chora nukta katikati. Funga karatasi kwenye tuta la udongo au ukingo wa korongo, si kwenye mti. Pima hatua zako, usikisie. Mimi hatua yangu ni sentimita 80, nilizipima kwa futi ya fundi. Piga moja tu kwa kila karatasi. Kisha tafuta mahali matundu yalipojaa zaidi, chukua uzi wa sentimita 38, zungusha duara, hesabu. Piga karatasi tatu kwa kila aina ya risasi, kwa sababu moja inadanganya. Halafu kata kadibodi umbo la mwili wa kanga bila mabawa wala mkia, isogeze juu ya matundu ndani ya duara. Ukipata mahali ambapo inakaa na matundu chini ya manne, umbali huo si wako.

---

#12 Mjukuu wa Nne-Kumi

Shikamoo mzee. Ni mimi yule wa dukani.

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Jioni ile ile nilikunja bunduki ya babu nikafuta chini ya mtutu kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Iliandikwa 2½. Boksi nililonunua limeandikwa 76.

Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimepanga kutoka nalo Jumamosi na mdogo wangu, yeye husimama upande wangu wa kushoto kila mara.

Nilirudi dukani. Ilichukua siku mbili kwa sababu zilishaandikwa kitabuni na ilibidi tuandikiane upya mbele ya askari, lakini walizipokea. Nikachukua ya 65, gramu 14, aina mbili: moja punje za 2.8, nyingine punje za 2.4. Milimita nilizikuta pembeni ya boksi kama ulivyosema.

Nimepiga karatasi sita leo kwenye korongo nyuma ya kiwanja cha babu. Hatua zangu nimezipima, ni sentimita 75. Wastani wa karatasi tatu tatu:

Punje za 2.8 kwa hatua 40: ndani ya duara 71. Kadibodi ya kanga nimeiweka sehemu tano tofauti ikakaa na matundu mawili au matatu.

Punje za 2.4 kwa hatua 27: ndani ya duara 139. Nimeisogeza kadibodi kila mahali, imekosa kupungua chini ya matano.

Mdogo wangu ndiye alikuwa anahesabu, anatia alama ya kalamu nyekundu kila tundu. Bunduki inapiga juu kidogo, upana wa kiganja, nayo nimeiandika.

Kanga wa kwetu hushuka kunywa saa kumi na moja na nusu jioni. Kutoka kwenye kichuguu hadi maji ni hatua 45. Kuna mkwaju ulioanguka, kutoka hapo ni 24. Kibali changu kinaanza Jumatatu.

---

#13 Mzee wa Kwale

Marahaba mwanangu. Kaa kwenye mkwaju. Fika saa kumi kamili, upepo ukikujia usoni, na mdogo wako akae nyuma yako, si kushoto.